Usiuamini mwongozo usio na mzaha

Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Unix na jamaa zake, Linux akiwa mmojawapo, ipo amri ya herufi tatu: cat. Anayejua Kiingereza akiiona hudhani ni paka, kumbe ni kifupisho cha neno lenye maana ya kuunganisha vitu kwa kuvifuatanisha. Kazi yake ni kuchukua faili moja au zaidi na kuzimwaga kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Ukiiandika bila kuitajia faili yoyote, hakuna kinachotokea. Skrini inanyamaza. Mwanafunzi anasubiri, anaguna, anaandika "habari", na paka anamrudishia "habari". Anaandika "toka", anarudishiwa "toka". Hakuna kilichoharibika: amri inangoja maneno kutoka kwenye kibodi, na itangoja mpaka kiama kama mtu hajui kubonyeza Ctrl na D kwa pamoja. Mwongozo rasmi umelieleza jambo hilo kwa sentensi moja tu, kwamba pasipotajwa faili, amri husoma ingizo sanifu. Sentensi hiyo haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba anayeielewa ni yule asiyeihitaji.

Watengeneza programu wamekuwa wakiicheka amri hiyo kwa miaka mingi. Wanasema imepata jina linaloistahili: ukiiita haikujibu, inakukodolea macho, na ukiisemesha inakuiga kwa kejeli. Wanataniana pia kuhusu paka wanaokatiza juu ya kibodi na kuacha nyuma yao msimbo mzuri kuliko wa mwenye nyumba. Mzaha huo wa paka na kibodi una programu yake ya kweli. PawSense, iliyotengenezwa na Chris Niswander wa Tucson, Arizona, hutambua kwamba kinachobonyeza ni nyayo za paka wala si vidole vya mtu, kisha huifunga kibodi na kutoa sauti ya kumkera mnyama. Mwaka 2000 ilipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa mambo yanayochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Aliye nje ya kazi hii akiyasikia hayo huona ni upuuzi wa watu waliokesha. Mimi naona vingine. Mzaha wa watengeneza programu kuhusu miongozo yao ni sehemu ya maarifa ya kazi, na mara nyingi ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote. Miongozo mingi ya kompyuta haisomeki kwa sababu ya uzito wa kuigiza, ule unaomfanya mwandishi ajifiche nyuma ya maneno sahihi asije akaonekana kuwa naye kuna mahali alikwama.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa, nalo ni utani. Si kila kichekesho ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani kwa historia ndefu ya misafara iliyotoka bara kuja pwani, na mtani ana ruhusa ya kusema msibani jambo ambalo mwana wa marehemu hawezi kulitamka. Atasema marehemu alikuwa mchoyo, atalala mlangoni akidai deni ambalo halikuwapo, na waombolezaji watacheka huku machozi hayajakauka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe la kuchimbia kaburi na kushughulikia chakula cha wageni, na zamu ikigeuka atataniwa yeye bila kununa. Utani basi una masharti mawili, usawa na wajibu. Bila usawa unakuwa dharau, na bila wajibu unabaki kelele za kijiweni. Kwa kipimo hicho ndipo tuupime mzaha wa hawa ndugu zetu wa kompyuta.

Tuanze na mzaha wao maarufu kuhusu amri yenyewe. Katika miaka ya 1990 Randal Schwartz, mwandishi wa vitabu vya lugha ya Perl, alianza kuwatunukia watu "Tuzo ya Matumizi ya Paka Yasiyo na Faida". Washindi walikuwa wale walioonyesha msimbo wenye cat mahali pasipohitajika. Chukua mtu anayetafuta jina la Asha ndani ya faili iitwayo wanafunzi. Anaandika cat wanafunzi | grep Asha. Maana yake, anamtuma paka aifungue faili, ayapitishe yaliyomo kwenye bomba, kisha grep, yaani amri ya kutafuta maneno, aliye upande wa pili achambue. Lakini grep ana mikono yake mwenyewe. Angeandika grep Asha wanafunzi, kazi ingekwisha. Ni sawa na kukodi bodaboda ikakuchotee maji kwenye bomba lililo uani kwako. Aliyepewa tuzo hiyo alicheka, akaona haya kidogo, na kuanzia siku hiyo akaelewa tofauti kati ya kuipa programu jina la faili na kuipitishia maneno kwa bomba, tofauti ambayo kurasa za mwongozo huipita kana kwamba kila mtu amezaliwa nayo. Na watani hawakukosa majibu. Wapo wanaoshikilia mpaka leo kwamba kuanza na cat kunaufanya mstari usomeke vizuri, chanzo kwanza na kichujio baadaye, na kwamba kompyuta za sasa hazichoshwi na hatua moja ya ziada. Wana hoja. Ubishi wenyewe ndio darasa, kwa kuwa kila upande ulilazimika kutoa sababu, na kuna miongozo mingi inayotoa amri bila kutoa sababu.

Wazee waliotengeneza Unix walilijua hilo tangu mwanzo. Mwongozo wa kwanza wa mfumo huo, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, una tarehe ya 3 Novemba 1971, na ndani yake mlitengwa sehemu maalumu ya kutaja kasoro za amri. Fikiria muuza gari anayekukabidhi funguo pamoja na karatasi iliyosainiwa ya mambo yatakayokusumbua. Katika toleo la 7 la mwaka 1979 ukurasa wa cat ni mfupi, na chini yake msomaji anaonywa asithubutu kuandika cat a b > a. Onyo hilo lina sababu. Alama ile ya mshale huuagiza mfumo uandae faili ya kupokelea kabla ya kazi kuanza, na kuiandaa maana yake ni kuifuta kwanza. Paka anapofika kula, sahani aliyoelekezwa imekwishaoshwa. Faili ya a imekuwa tupu kabla haijasomwa, na kama hukuweka nakala, pole. Waandishi wangeweza kukaa kimya au kuficha jambo hilo chini ya maneno mazito. Walilitaja kwa ufupi, chini ya neno kasoro, wakaendelea na safari.

Miaka minne kabla ya hapo, katika toleo la 6 la 1975, pale mfumo unapoacha kushughulikia kazi moja na kushika nyingine, waliacha ndani ya msimbo maelezo ya kumwambia msomaji kwamba hatarajiwi kupaelewa mahali pale. Mstari huo umechekwa kwa karibu nusu karne. Umechapwa kwenye fulana, na wengi wameusoma kama majivuno ya mabingwa. Ritchie alikuja kueleza kwamba ulikusudiwa kama mwalimu anavyosema "hili halitoki kwenye mtihani", na akakiri kwamba hata wao wenyewe wakati ule hawakuwa wamelielewa jambo lile sawasawa. Ubunifu wenyewe ulikuwa na walakini, na katika toleo la 7 waliuacha. Kwa hiyo mstari ule wa kuchekesha ulikuwa ramani ya shimo. Maelezo mazito na yenye heshima mahali pale yangekuwa uongo, kwa sababu yangedai ujuzi ambao haukuwapo. Kiu ya maelezo ya kweli ilikuwa kubwa kiasi kwamba John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, alipowaandikia wanafunzi wake ufafanuzi wa msimbo ule, na masharti ya leseni yakazuia usisambazwe kwa uhuru, watu walitoa fotokopi ya fotokopi kwa miaka mingi. Kitabu hakikuchapishwa rasmi hadi 1996.

Nasi tuna hadithi yetu ya paka na hitilafu, ila hatukuwahi kuiita hivyo. Katika ngano za Unguja zilizochapwa na Edward Steere mwaka 1870 yumo Sultani Majinuni na paka wake. Paka alianza kwa kula mifugo. Sultani alipopelekewa habari hakushtuka: paka ni wake na mifugo ni yake, wao inawahusu nini? Paka akaendelea hadi akala watoto wa watu, hatimaye akala wana wa sultani mwenyewe, akatokomea akiwa nunda. Yeyote aliyewahi kumpelekea mkubwa wake taarifa ya hitilafu ndogo anaijua sauti ya sultani yule. Lakini mimi huvutiwa zaidi na sehemu ya pili, pale mwana mdogo anapokwenda kumwinda nunda. Anaua mbwa, anamleta nyumbani akiimba; mama anamwambia siye. Anaua fungo, siye. Anaendelea na wanyama wakubwa zaidi mpaka tembo, na jibu ni lilelile. Ujumbe wa kompyuta unaosema "hitilafu imetokea, jaribu tena baadaye" ni mama yule anaposema siye: hakudanganyi, lakini hakusaidii. Kijana anamtambua nunda siku anayokutana na sifa alizotajiwa: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, madoa, mkia mnene. Sifa nne zilitosha kumpata mnyama ambaye ushujaa wa miezi haukumpata.

Kuna pingamizi, na la kwanza ni zito. Watu wanasema mzaha ukiingia kwenye nyaraka rasmi hautoki, na gharama yake hulipwa na wasiohusika. Ushahidi upo. Tarehe 1 Aprili 1998 Larry Masinter alitoa, ndani ya mfululizo uleule wa nyaraka zinazoweka kanuni za intaneti, utaratibu wa kuendesha mitambo ya kahawa kwa mtandao. Birika la chai likiagizwa kupika kahawa linatakiwa kujibu kwa namba 418, yaani mimi ni birika la chai. Watengeneza programu wakaiingiza namba hiyo kwenye maktaba zao za kweli. Mwaka 2017 ilipopendekezwa iondolewe, kijana wa miaka 15 akaanzisha kampeni ya kuitetea, na birika likashinda. Kanuni mpya za mwaka 2022 zimelazimika kuiacha namba hiyo pembeni, isitumiwe kwa kazi nyingine, kwa kuwa mzaha umekwishaikalia. Nakubali kwamba hii ni gharama. Namba ni chache, na moja imeliwa na birika. Lakini angalia jinsi waraka ule ulivyoandikwa: hatua zimepangwa, maneno yamefafanuliwa, mipaka imetajwa. Mwenzake wa 1990, uliopendekeza data zisafirishwe na njiwa, uliandikwa kwa usafi wa namna hiyohiyo, hata mwaka 2001 wapenzi wa Linux wa Bergen, Norwe, wakautekeleza kwa njiwa wa kweli. Walituma pakiti 9 na kupata majibu 4, la haraka kuliko yote likichukua kama dakika 53. (Paka wa Bergen hawakuhojiwa kuhusu zile 5.) Ni nyaraka ngapi za dhati ambazo mgeni anaweza kuzisoma na kuzitekeleza bila kumpigia simu mwandishi? Anayetania analazimika kuwa wazi, kwa kuwa mzaha usioeleweka umekufa papo hapo, ilhali mwongozo usioeleweka unaweza kuishi miaka 20.

Pingamizi la pili linatugusa sisi zaidi. Mzaha una kwao. Lugha ya Python imepewa jina la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, na mafunzo yake rasmi yanahimiza kuwataja. Ndiyo maana mifano yake imejaa spam na mayai, nyama ya kopo iliyochekesha kwenye runinga ya Waingereza. Mwanafunzi wa Morogoro anaweza kuamini kwamba spam ni istilahi ya kitaalamu, akaikariri kwa mtihani. Kwake kichekesho kimekuwa kizuizi cha pili juu ya kile cha Kiingereza. Hoja hii ni ya kweli, ila inachokataza ni kuazima mzaha, kutania hakukatazi. Kiswahili kilipohitaji jina la kile kifaa kidogo chenye mkia kinachotambaa mezani, kilikubali kipanya, na tangu hapo kila paka anayerukia meza ya mtu wa kompyuta ana sababu ya kisarufi ya kuwa pale. Msimbo nao umetuokoa na balaa, maana tungesema kodi wangekuja wenye nyumba na wakusanya mapato. Mzaha wa aina hiyo hauhitaji mtu awe ameangalia runinga ya London. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye vitufe na menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba maneno tunayo. Kinachokosekana bado kwenye miongozo mingi ya Kiswahili ni sauti. Unakuta kitufe kimeandikwa "Wezesha usawazishaji", unafungua maelezo upate nuru, unaambiwa kitufe hicho huwezesha usawazishaji. Aliyeandika ametimiza wajibu wake kwa mwajiri, na msomaji ameachwa na mbuzi kwenye gunia.

Hapa lazima niwageukie watani wenyewe, kwa sababu kuna mzaha wao mmoja usiostahili jina hilo. Ni ile tabia ya mgeni kuuliza swali, akajibiwa kwa tusi kwamba akasome mwongozo. Wahenga walishasema kuuliza si ujinga, na mwongozo anaorudishiwa ni uleule uliomshinda. Ule ni ukubwa ukimcheka udogo, maana anayeanza hana zamu ya kujibu. Tuzo ya paka ilikuwa ya watu wa kimo kimoja waliokwishaijua kazi, na hata hivyo ilikuja na sahihisho lake. Wajibu pia haukwepeki. Programu nyingi za chanzo huria humruhusu mtu yeyote kupendekeza marekebisho ya maelezo, sentensi moja ikitosha. Mwenye kuucheka mwongozo asubuhi na kuupita jioni bila kuugusa ni mtani aliyekuja msibani, akala wali, akaondoka kabla jembe halijatolewa.

Wengine hudai ubishi wote huu umepitwa na wakati. Msimbo mzuri, wanasema, unajieleza wenyewe, na palipobaki giza mashine za akili mnemba zitaeleza. La kwanza ni nusu ya ukweli. Msimbo hueleza kinachofanyika. Haukwambii kwa nini njia nyingine tatu ziliachwa, wala kwamba mwandishi alikuwa na mashaka siku ile. Msimbo wa 1975 ulisomeka vizuri kabisa kwa kompyuta, na kasoro yake ilikuwa ndani. Na mashine za akili mnemba zimefundishwa kwa maandishi ya watu, pamoja na miongozo ileile. Sababu ambayo haikuandikwa popote, mashine itaikisia, na itaikisia kwa ufasaha wa mtu mwenye uhakika. Hapo ule uzito wa kuigiza unapata mhudumu asiyechoka. Mashine inaweza kukupa kurasa tano kuhusu sehemu fulani ya mfumo ambako mwenye mfumo, kama angeulizwa, angekuna kichwa na kusema hata mimi sipaelewi vizuri.

Sidai kwamba kila ukurasa uchekeshe. Mwongozo wa mashine ya dawa hospitalini hauhitaji paka. Unahitaji kile ambacho mzaha wa kweli hubeba ndani yake, yaani mtu anayekiri kwamba hapa niliteleza, nawe utateleza, shika hapa. Kwenye kazi nyingi za kompyuta ukiri huo hutoka ukiwa na kicheko, kwa kuwa binadamu huona haya kukiri makosa kwa uso mkavu, na mhariri anayekifuta kicheko hufuta na ukiri pamoja nacho. Kwa walimu wa kompyuta katika vyuo vyetu, na kwa wote wanaotafsiri au kuandika programu kwa Kiswahili, nina ombi moja. Mwanafunzi akiwaletea kazi yake mwisho wa muhula, mdaini ukurasa mmoja wenye kichwa "Kasoro", uandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, aseme programu inaharibika wapi na wapi hata yeye hapaelewi. Akitaka kutania, mwacheni atanie. Akileta ukurasa mtupu, mrudishieni kazi yake.